Kabla Hujachagua Viatu vya Kuvaa Katika Hafla ya Hisani

Anayejitolea kwa mara ya kwanza kuhudumu katika hafla rasmi ya kuchangisha fedha huelezwa mambo mengi: rangi ya nguo, saa ya kufika, namna ya kumpokea mgeni rasmi na mpangilio wa meza. Jambo ambalo nadra kuelezwa ni kwamba yeye atasimama kwa muda mrefu kuliko karibu kila mtu atakayeingia ukumbini. Mgeni hupokewa, huketi, hula, husikiliza hotuba, hutoa mchango wake na kuondoka. Wewe utakuwa umefika mapema kupanga viti na kadi za majina, na utabaki nyuma kukusanya fomu za ahadi za michango na kusindikiza wa mwisho hadi mlangoni. Hafla iliyoandikwa kwenye kadi ya mwaliko kuwa ni ya muda wa saa nne inaweza kukusimamisha kwa saa saba au nane, na mara nyingi juu ya sakafu ngumu ya marumaru.

Mimi sikulijua hilo. Katika hafla yangu ya kwanza nilivaa viatu vipya vya kisigino kirefu, nikiamini kwamba heshima ya shughuli ilidai hivyo, na nikapangwa kwenye meza ya mapokezi. Saa mbili za kwanza zilipita vizuri. Baada ya hapo nilianza, bila kujitambua, kupima kila ombi la mgeni kwa umbali wa hatua ambazo lingenigharimu. Alifika mama mmoja mzee mwenye mkongojo, akaniuliza meza yake iko wapi. Badala ya kumshika mkono na kumpeleka, nilinyoosha kidole upande wa mwisho wa ukumbi. Baadaye nilimkuta ameketi peke yake kwenye kiti kilichowekwa kando kwa ajili ya watumishi, kwa sababu hakuipata meza, na hotuba zilikuwa zimekwisha kuanza. Nilimwomba radhi, naye akanisamehe kwa upole mkubwa, lakini tangu siku hiyo nimelihesabu suala la viatu kuwa sehemu ya kazi yenyewe, kwa maana maumivu ya miguu huanza kukuchagulia yupi wa kumhudumia na yupi wa kumpita.

Inafaa uelewe kinachotokea mwilini. Unapotembea, misuli ya vigimbi hujibana na kuachia, na kwa kufanya hivyo huisukuma damu irudi juu kuelekea moyoni. Unaposimama tuli, msukumo huo hupungua, majimaji hutuama chini na miguu huvimba kidogo kidogo, ndiyo maana kiatu kilichokutosha asubuhi hukubana usiku. Kisigino kirefu huongeza tatizo la pili: huuhamishia uzito wa mwili sehemu ya mbele ya wayo, karibu na vidole, ambavyo vikiwa vimebanwa ndani ya ncha nyembamba havina pa kwenda. Malengelenge nayo hutokana na msuguano, na jasho huyaharakisha.

Kwa hiyo, ukinunua viatu kwa ajili ya hafla, vijaribu jioni, miguu ikiwa imekwisha kuchoka na kutanuka. Jaribu vyote viwili, kwa kuwa watu wengi wana mguu mmoja uliozidi mwenzake kidogo, na uchague kwa kufuata ule mkubwa. Acha nafasi ya takribani sentimita 1 mbele ya kidole kirefu kuliko vyote. Muuzaji akikuambia kwamba vitatanuka vyenyewe, kumbuka kwamba ngozi halisi hulegea kwa kiasi fulani, ilhali plastiki hulegea kidogo sana au hailegei kabisa. Kisha vivae nyumbani kwa saa moja hivi kila siku, wiki moja au mbili kabla ya hafla, ukipanda ngazi na kubeba vitu. Hapo ndipo utakapojua vinakukwaruza wapi. Soli mpya iliyo laini huteleza kwenye sakafu iliyopigwa dawa ya kung'arisha, nami nashauri uitembeze kwanza nje, mahali penye ardhi ya kukwaruza, kabla ya kubeba sinia mbele ya wageni.

Wengi hudhani kwamba urasmi unadai kisigino. Muulize mratibu mapema. Kwa uzoefu wangu, mratibu anachotaka ni kiatu safi, kinachofunika vidole na chenye rangi inayoendana na sare. Kiatu cha chini kilichong'arishwa vizuri hakijawahi kumkwaza mgeni yeyote niliyempokea. Wanaume wasidhani kwamba haya hayawahusu, maana kiatu kigumu cha ngozi kilichotolewa kabatini siku hiyohiyo huchubua kisigino vilevile.

Siku yenyewe, bandika plasta mahali unapopafahamu kuwa hukwaruzwa kabla hujatoka nyumbani, kwa kuwa plasta inayowekwa baada ya ngozi kuchubuka imechelewa. Beba jozi ya pili iliyokwisha kuuzoea mguu wako, na umwombe mratibu akuonyeshe mahali pa kuiweka. Ukiwa umesimama mlangoni, hamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine na uinue visigino mara chache, hakuna atakayeona. Usivue viatu chini ya meza ukitarajia kuvirudia, kwani mguu uliovimba huingia kwa shida, na mgeni rasmi anaweza kufika wakati huohuo.

Ukizidiwa, sema. Mweleze mratibu waziwazi kwamba unahitaji kubadilishana nafasi na mwenzako anayeandika stakabadhi au kuhesabu fomu akiwa ameketi. Nimekuwa mratibu kwa hafla kadhaa sasa, na huona ni rahisi sana kuwahamisha watu wawili katikati ya shughuli. Kilicho kigumu ni kugundua mwishoni kwamba meza tatu za nyuma hazikufikiwa na mtu wa kukusanya ahadi, kwa sababu aliyepewa kazi hiyo alishindwa kutembea na akaona haya kuniambia.