Muulizeni na mtoto mwenyewe

*Shikamoo Shangazi. Niko Chamwino, binti yangu ana miaka 13, yuko darasa la saba. Baba yake mdogo anayekaa Dodoma mjini anataka mwakani amchukue akafanye kazi za ndani kwa rafiki yake, hela itakuwa inatumwa huku. Mume wangu kakubali. Tulimwita mtoto tukamuuliza mbele ya wote, akasema sawa. Ila tangu siku ile hali chakula vizuri, na nimesikia kaambiwa kwenye mtihani ajaze majibu ya hovyo ili asifaulu. Kama mwenyewe kakubali kuna shida?*

Marahaba mwanangu. Shida ipo tena kubwa, coz huyo mtoto hajakubali, kawaheshimu tu. Kaitwa mbele ya baba na baba mdogo, mambo yameshapangwa, kasimama anaangalia chini, sasa hapo mlitegemea aseme nini? Mmemlea asibishane na wakubwa na mmemlea vizuri, basi adabu yake hiyo isigeuke ndo kitu cha kumfungia mdomo.

Sheria ya Mtoto ya 2009, kifungu cha 11, inasema mtoto anayeweza kutoa maoni asinyimwe kuyatoa, asikilizwe na ashiriki kwenye maamuzi yanayogusa ustawi wake. Na kumsikiliza maana yake jibu lake liweze kubadilisha mlichopanga, kama haliwezi basi hamjamuuliza, mmempa taarifa. Halafu msije mkasema mwakani atakuwa na 14 kwahiyo ruksa, kwa umri huo sheria inaruhusu kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma, na binti anayelala kwa watu, anaamka alfajiri kufagia, kupika na kulea mtoto wa mwenzie, atasoma saa ngapi?

Fanya hivi. Kaa nae wawili tu, mkienda kuchota maji au mkichambua mboga, muulize ungekuwa unaamua wewe mwakani ungekuwa wapi, alafu nyamaza. Usimkatize, hata akikaa kimya muda mrefu vumilia, na akilia mwache alie. Mwambie wazi kwamba kusoma ni haki yake na kusema anachotaka sio utovu wa adabu. Hilo la mtihani ndo linaniumiza zaidi, yani mtoto anaambiwa ajiharibie kwa mkono wake halafu baadae aonekane hana akili! Mwone mwalimu anayemwamini mapema, msisubiri Septemba mtihani ufike.

Kwa mume wako usiende peke yako, tafuta mtu anayemsikiliza, dada yake au mzee wa kanisani. Mkumbusheni kuwa ada haipo hadi kidato cha nne tangu 2016, japo najua sare na madaftari vinauma mvua zikigoma. Akikaza, nenda kwa afisa ustawi wa jamii, au piga 116, Simu ya Mtoto, ni bure na hata binti mwenyewe anaweza kupiga.

*Shangazi, hizi haki mnazowafundisha watoto si ndo zinafanya watuvimbie? Baba wa watatu, Kibaigwa.*

Baba, sheria hiyohiyo kifungu cha 15 inampa mtoto wajibu wa kuheshimu wazazi na wakubwa na kuwasaidia, kwahiyo mfundishe vyote pamoja. Ila na mimi nikuulize, mtoto aliyezoea kunyamazishwa kila akifungua mdomo nyumbani, siku mtu mzima akimshika vibaya njiani atamwambia nani? Mzoeshe kwa vitu vidogo, aeleze kwanini hataki kitu, umsikilize mpaka mwisho, halafu ukikataa mwambie sababu. Baba anayetoa sababu hapungukiwi heshima hata kidogo.

*Shikamoo Shangazi, mimi nasoma darasa la sita Kondoa. Baraza la watoto ni nini, naweza kuingia?*

Marahaba mjukuu wangu, nimefurahi umeandika mwenyewe! Ni kikao cha watoto wenyewe, mnachagua viongozi wenu na kupeleka yanayowasumbua kwa viongozi wa kijiji, kata mpaka halmashauri. Muulize mwalimu au afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu kama lipo, kama halipo waombe lianzishwe. Na msiitwe tu kuimba na kusoma risala Juni 16, Siku ya Mtoto wa Afrika, siku hiyo ipo kwa ajili ya wanafunzi wa Soweto, Afrika Kusini, walioandamana 1976 kupinga kufundishwa kwa Kiafrikana, wengi wakapigwa risasi. Risala yenu andikeni wenyewe, kama choo cha shule hakina mlango semeni hakina mlango, na muulize utawekwa lini.