Maswali ya Wasomaji: Rubani mwenye leseni ya kibiashara anaruhusiwa kulipwa lini?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu nyingi. Mimi ni kijana wa Kitanzania ninayeishi Dallas, Marekani, na hivi karibuni nimepata leseni ya urubani wa kibiashara. Katika kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa Texas nilieleza kwamba niko tayari kuwapeleka watu Houston kwenye harusi na misiba kwa ndege ya injini moja ninayoikodi katika klabu ya urubani. Wao wangechanga fedha za kodi na mafuta, pamoja na kitu kidogo cha jasho langu. Mwenzangu niliyesoma naye ananionya kwamba nitanyang'anywa leseni. Je, leseni ya kibiashara si ndiyo ruhusa yenyewe ya kulipwa? — Msomaji, Dallas

JIBU: Ndugu yetu, mwenzako amekueleza ukweli, na ni heri umeuliza kabla ya harusi ya kwanza. Leseni uliyonayo inakuruhusu kulipwa kwa kazi ya kurusha ndege. Haikuruhusu kuuza usafiri. Huku nyumbani, dereva mwenye leseni ya kuendesha basi anaweza kuajiriwa na kampuni yoyote ya mabasi, lakini leseni hiyo haimpi haki ya kulipeleka gari lake stendi na kuita abiria bila leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini Tanzania. Angani mambo ni hayo hayo, ila masharti yake ni mazito zaidi.

Kanuni za Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, zinamtazama rubani mbali na shughuli anayoifanya. Sehemu ya 61 inamhusu rubani mwenyewe: awe ametimiza miaka 18, awe na saa zisizopungua 250 za kuruka kwa njia ya kawaida ya mafunzo, na anapofanya kazi ya malipo awe na cheti cha afya cha daraja la pili, ambacho kwa kazi hiyo hudumu miezi 12. Kama hana idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo pekee, yaani kuiongoza ndege kwa kusoma vipimo vilivyo mbele yake bila kuona nje, haruhusiwi kubeba abiria wa malipo usiku, wala katika safari inayozidi maili 50 za baharini. Houston iko mbali zaidi ya hapo, kwa hiyo kama idhini hiyo huna, swali lako lingeishia hapa.

Tuseme unayo. Bado Sehemu ya 119 inauliza shughuli hiyo ni ya nani na ni ya aina gani. Waraka ambao FAA iliutoa mwaka 1986, na ambao hadi leo ndio marubani na wanasheria wao hurejea, unataja mambo manne ambayo yakikutana humfanya mtu awe mchukuzi wa umma: kujitangaza kuwa yuko tayari, kusafirisha watu au mizigo, kutoka mahali pamoja hadi pengine, kwa malipo. Mchukuzi wa umma sharti awe na cheti cha uendeshaji, ambacho kwa ndege ndogo za kukodi hutolewa chini ya Sehemu ya 135. Sasa itazame safari yako. Abiria wapo, Dallas na Houston ni mahali pawili tofauti, na fedha zipo. Lililobaki ni kujitangaza, nalo umekwisha kulitenda ulipowaandikia wanakundi kwamba uko tayari. Hata kama usingeandika neno, sifa ikishaenea kwamba fulani hupeleka watu wakimwomba, sifa hiyo yenyewe huhesabiwa kuwa ni tangazo.

Usijitetee kwamba hupati faida, kwa sababu malipo katika sheria hii si faida. Ni kitu chochote chenye thamani, na FAA imekwisha kufafanua mara kadhaa kwamba hata saa za kuruka ambazo rubani anaziandika kwenye daftari lake bila kuzigharimia zinaweza kuhesabiwa kuwa ni malipo. Wengi hushangaa wakisikia hivyo. Mimi naona ni busara, kwa kuwa kijana mwenye saa 250 anayezitafuta 1,500 za leseni ya juu ya ndege za abiria anaweza kuithamini saa moja ya bure kuliko noti.

Ili upate picha ya kile ambacho abiria wako wangekikosa: kampuni yenye cheti cha Sehemu ya 135 hukaguliwa taratibu zake za kazi na matengenezo yake, marubani wake hupimwa dawa za kulevya na pombe na hutahiniwa upya mara kwa mara, na nahodha wake sharti awe na saa 500 hata kwa safari za hali ya hewa nzuri, na saa 1,200 kwa safari za kutegemea vyombo. Maana yake ni kwamba hata kampuni hiyo ikikuajiri leo, kiti cha nahodha bado hujakifikia.

Wapi, basi, unaweza kulipwa bila kuvunja sheria? Njia ya kwanza ni kuajiriwa na kampuni yenye cheti. Njia ya pili ni kumrushia mtu ndege yake mwenyewe. Tajiri mwenye ndege, au kampuni inayosafirisha wafanyakazi wake kwa shughuli zake, anaweza kukulipa mshahara kwa sababu yeye ndiye mwenye ndege, ndiye anayeamua safari, na ndiye anayebeba dhamana ya uendeshaji. Ndiyo maana swali la kwanza la mkaguzi huwa ni hili: ndege imeletwa na nani? Ikiwa rubani na ndege vimetoka mkono mmoja, huo ni uchukuzi. Wako wanaojaribu kulikwepa jambo hili kwa mikataba miwili, abiria akodishiwe ndege tupu na mtu mmoja, kisha apewe rubani na mwingine, hali wawili hao ni washirika wa siri. FAA huisoma mikataba ya namna hiyo kama mkataba mmoja. Mtego mwingine huwanasa hata watu waangalifu: mfanyabiashara huunda kampuni ndogo isiyo na kazi nyingine ila kumiliki ndege na kumrusha yeye kwa kumtoza gharama, akidhani anajikinga kisheria, kumbe kampuni hiyo imekwisha kuwa mchukuzi asiye na cheti.

Njia ya tatu ni kazi ambazo Sehemu ya 119 imeziacha huru kwa majina. Miongoni mwazo ni kufundisha wanafunzi, ambako kunataka cheti cha ukufunzi, kunyunyizia mashamba dawa, kuvuta mabango ya matangazo, kupiga picha na kupima ardhi kutoka angani, kukagua nyaya za umeme na mabomba ya mafuta, kuzima moto wa misitu, na kuwapandisha warukaji wa parachuti ndani ya maili 25 za uwanja. Hata kuwatembeza watalii angani kunaruhusiwa, mradi ndege isivuke maili 25, iondoke na kurudi uwanja ule ule bila kutua kwingine, na mhusika awe na barua ya idhini na mpango wa kupima dawa za kulevya. Vijana wengi wa rika lako huanzia kwenye ukufunzi, nami nakushauri hivyo hivyo. Ila kama uko Marekani kwa viza ya masomo, kumbuka kwamba leseni ya urubani si kibali cha kufanya kazi. Hilo ni la idara ya uhamiaji.

SWALI: Kwako Mhariri. Mwanangu anasomea urubani Florida na amefikia leseni binafsi. Ananiambia wenzake humchangia mafuta wakienda kutembea naye, na kwamba sheria inaruhusu. Kwa jibu ulilowahi kutoa kuhusu malipo, naingiwa na wasiwasi. — Mama wa Tanga

JIBU: Mama, mwanao hajakudanganya. Mwenye leseni binafsi haruhusiwi kulipwa, lakini anaruhusiwa kugawana gharama na abiria wake, kwa sharti kwamba sehemu yake mwenyewe isiwe chini ya fungu lake halali. Tuseme wako wanne ndani ya ndege na safari imegharimu dola 400: yeye sharti atoe dola 100 au zaidi. Gharama zinazogawanywa ni nne tu, yaani mafuta, oili, ada za uwanja na kodi ya ndege. Sharti jingine, ambalo vijana hulisahau, ni kwamba yeye mwenyewe awe na sababu yake ya kwenda huko. Kama wote wanakwenda kutazama mpira Miami, hakuna neno. Kama yeye hana haja na Miami ila kuwapeleka, amekwisha kuwa teksi.

Mwulize pia anawapataje hao wenzake. Kampuni moja ya Marekani, Flytenow, ilifungua tovuti ya kuwakutanisha marubani binafsi na watu wasiowajua ili wagawane gharama. FAA ilikataa mwaka 2014, na mahakama ya rufaa ya Washington iliiunga mkono Desemba 2015. Kuwaambia marafiki anaosoma nao ni jambo moja. Kuutangazia umma ni jambo jingine.

Wasiwasi wako hauko mbali na mambo yaliyokwisha kutokea. Januari 2019 mchezaji mpira wa Argentina, Emiliano Sala, alikufa pamoja na rubani wake walipokuwa wakivuka usiku kutoka Nantes, Ufaransa, kwenda Cardiff kwa ndege ndogo iliyosajiliwa Marekani. Wachunguzi wa Uingereza walieleza kwamba rubani alikuwa na leseni binafsi tu, hakuwa na idhini ya kuruka usiku, na safari hiyo haikuzingatia viwango vya safari za kibiashara. Waliona pia kuna uwezekano mkubwa kwamba hewa ya sumu kutoka kwenye injini ilimwathiri. Mwaka 2021 aliyeipanga safari hiyo alifungwa miezi 18.

SWALI: Nina shamba la maua Arusha na ndege ya viti sita yenye usajili wa Tanzania. Nataka kumwajiri rubani aliyesomea Marekani. Je, nafasi zinazobaki naweza kuwauzia wageni wa hoteli ya rafiki yangu wanaokwenda Serengeti? — Mkulima, Arusha

JIBU: Kumwajiri unaweza, lakini si kwa leseni ya Marekani peke yake. Mkataba wa Chicago wa 1944 unaitaka nchi iliyosajili ndege ndiyo iitoe leseni ya rubani au kuithibitisha, na ndege yako ina 5H ubavuni, alama ya usajili wa Tanzania. Kwa hiyo aanzie Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, kubadilishiwa leseni. Cheti chake cha afya kitazamwe upya pia, kwa kuwa viwango vya kimataifa vinadai daraja la kwanza kwa leseni ya kibiashara, ilhali Marekani huridhika na la pili.

Akishakamilisha, atakurusha wewe, wasimamizi wako na vipuri vya pampu zako, na mshahara atapokea kwa haki. Wageni wa hoteli ni habari nyingine. Siku utakayouza kiti kimoja, ndege ya shamba imeingia katika biashara ya usafiri wa anga, ambayo inadai leseni ya huduma za anga na cheti cha uendeshaji kutoka TCAA. Kupitishia fedha kwenye bili ya hoteli hakubadilishi kitu. Isome pia bima yako kabla ya kumwahidi rafiki, maana bima ya matumizi binafsi haikukusudiwa abiria wa kulipa. Hao wageni awakatie tiketi katika mojawapo ya kampuni zenye cheti zinazoondoka uwanja wa Arusha kwenda Serengeti, tena akiomba kuonyeshwa nakala ya cheti hawatamkatalia.