Rodi ya 6013 kwenye bomba la X52, inafaa?

SWALI: Shikamoo fundi. Nachomelea mageti na madirisha hapa Unga Limited, Arusha. Nimepata dili ya kuunga mabomba ya chuma ya maji inchi 6 huko Usa River, yameandikwa API 5L X52 PSL2. Mi nimezoea 6013 ila msimamizi kagoma, anataka WPS kwanza, eti karatasi ya utaratibu wa kuchomelea. Si 60 ni kubwa kuliko 52? Na hiyo WPS inauzwa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwenye hiyo 60 na 52 ndo wengi wanateleza, maana namba mbili hizo hazipimi kitu kimoja. 52 ya kwenye bomba ni pale chuma kinapoanza kuvutika na hakirudi tena, psi 52,000 (paundi kwa inchi ya mraba), ila kukatika kabisa bomba hilo linaenda mpaka 66,000 na kidogo. 60 ya kwenye rodi yenyewe ni ya kukatika. Kwa hiyo ukilinganisha kukatika kwa kukatika, rodi yako ndo iko chini, na bado 6013 haizami sana, mzizi wa mshono, yaani safu ya kwanza ya chini kabisa, unaweza ukabaki wazi kwa ndani na wewe nje unaona mshono umelala vizuri kabisa.

Kazi kama hiyo wengi wanapiga mzizi na 6010 halafu wanajazia na 7010, au 7018. Ila angalia mashine yako kwanza! 6010 ni ya umeme wa DC, kwa hiyo zile transfoma za kusuka mtaani zinazotoa AC hazitaiwasha vizuri, utalaumu rodi bure. Na usiziweke kwenye oveni, 6010 inataka unyevu wake kidogo, ukiikausha inaharibika. 7018 ni kinyume, ukifungua boksi ikae kwenye oveni ya rodi ya moto wa nyuzi 120 za Selsiasi au zaidi, sio juu ya jiko la mama lishe kama nilivyowahi kuona site moja. Ikinyonya unyevu inaingiza haidrojeni kwenye mshono na ufa unaweza kutokea kesho yake wewe umeshalipwa umeondoka. Asubuhi za Julai huko kwenu bomba linalowa umande, pitisha moto likauke kabla hujagusa.

Sasa WPS. Hainunuliwi, na usidownload ya mtu ukabadilisha jina. Unaandika rodi gani, saizi, ampea, unachomelea ukishuka au ukipanda, pengo la mzizi, pasi (safu za mshono) ngapi, halafu unachomelea kipande cha bomba lilelile, kinakatwa vipande vinakunjwa, vinavutwa na vinavunjwa kuangalia ndani. Kikipita, majibu yanaandikwa PQR, yaani rekodi ya majaribio, na ndo yanaipa WPS nguvu. Ukija kubadilisha ukapanda badala ya kushuka, kwa API 1104, kile kiwango cha kuchomelea mabomba, unapima upya.

Mwambie msimamizi akupe kipande cha majaribio, gharama ya kupima aibebe mwenye kazi, na mkubaliane hilo kabla hujataja bei ya jointi.