Re: Nianzie wapi na wamama waliokimbia vita?

Dada, umeuliza uanzie wapi kuwafundisha wamama wakimbizi hapa Goma mambo ya simu na akili bandia, na kompyuta huna. Anzia simu ileile aliyo nayo mama, hata kama kioo kimepasuka. Kwanza kabisa, namba ya siri ya M-Pesa haambiwi mtu, hata anayejiita wa kampuni.

Kisha wasikilizishe sauti mbili: moja yako, moja iliyotengenezwa na programu. Nilipofanya hivyo Mugunga, pembeni mwa Goma, mama mmoja aliirudia kuisikiliza ile ya programu mara tatu, akanyamaza. Siku hizi sekunde chache za sauti yako zinatosha kukuigiza. Kwa hiyo “mtoto” akituma sauti akiomba pesa, mama apige ile namba ya zamani aliyoihifadhi. Na fundisha kwa Kiswahili chetu, tafadhali. Kifaransa kinawatisha bure.