Ushongo, Maziwe na Amboni kwa siku moja?

Mkuu uliyeuliza kama ufukwe wa Ushongo, kisiwa cha Maziwe na mapango ya Amboni huko Tanga vinaingia kwenye siku moja, haviingii bana, labda uwe unataka picha tu. Amboni iko kaskazini ya Tanga mjini, njia ya kwenda Horohoro mpakani na Kenya, wakati Ushongo ni kusini huko ng'ambo ya mto Pangani, unashuka Pangani mjini unavuka na pantoni mpaka Bweni ndo unatafuta bodaboda. Mapango yape siku yake, vaa raba maana ndani kuna utelezi na popo wa kutosha.

Sasa Maziwe ndo penyewe, ila usiende kichwa kichwa, uliza kwanza wavuvi maji yanakupwa saa ngapi, kile kisiwa kimebaki fungu la mchanga tu na maji yakijaa vizuri linafunikwa lote. Zamani kulikuwa na mivinje kabisa, kikawa hifadhi ya bahari, baadaye miti ikaisha na mchanga ukazidi kuliwa. Kwa hiyo hakuna kivuli, beba maji na kofia, na ukiingia kuangalia matumbawe usiyakanyage tafadhali. Kasa wakitaga pale watu wa Ushongo huwa wanahamishia mayai bara yasizame, ukibahatika utakuta vifaranga vinaachiwa, hapo zima flashi ya simu.

Lala Ushongo usiku mmoja, nauli ya boti ya kwenda Maziwe mpatane kabla hujapanda.