Ithibati ya polisi: nini kiandikwe kwenye sheria, nini kiachiwe kanuni?

SWALI: Naandika tasnifu ya sheria kuhusu polisi wa Marekani. Jimbo likitaka kila idara ya polisi iwe na ithibati, viwango viwekwe ndani ya sheria yenyewe au viachiwe chombo kingine?

JIBU: Usichanganye leseni na ithibati. Leseni ni ya askari mmoja mmoja. Ithibati ni ya idara nzima, uthibitisho kwamba inafikia viwango vilivyowekwa: inavyotumia nguvu, inavyopokea malalamiko, inavyotunza vielelezo. Sisi tumezoea jeshi moja chini ya IGP mmoja. Marekani ina vyombo vya polisi vipatavyo 18,000, vingine vina askari wasiofika kumi, na serikali kuu haina mamlaka ya kuviamuru vyote. Ndiyo maana kazi hii huangukia mabunge ya majimbo.

Viwango vyenyewe viachie kanuni, zinazotungwa na chombo kilichopewa kazi hiyo na sheria. Sheria iliyoorodhesha kila kitu mwaka 1990 isingetaja kamera za kuvaa kifuani. Lakini chombo kinachoviweka, mambo ambayo hakiruhusiwi kuyaruka, tarehe ya mwisho na adhabu, hayo bunge liyaandike lenyewe.

Isome kwa makini Connecticut. Mwaka 2020 iliagiza idara zote zipate ithibati ya CALEA, shirika binafsi lililoundwa 1979, kabla ya 2025. Shirika hilo hutoza ada, na jimbo halina kauli juu ya viwango vyake. Baadaye bunge likairudia sheria ile, ithibati ya baraza la polisi la jimbo ikatosha. Kwa maoni yangu kosa lilikuwa kulitaja shirika la nje kwa jina.

New York ilitunga sheria yake 1988: baraza la jimbo, ithibati ya miaka mitano, kujiunga kwa hiari. Hiari ndiyo inayonitia wasiwasi, maana idara mbovu haina sababu ya kujitokeza. Texas mwaka 2023 ilikwenda njia nyingine: tume inayotoa leseni za askari ilipewa kazi ya kuweka viwango vya chini vya kuanzisha na kuendesha idara.

Usiipite haraka sehemu ya adhabu. Kunyima ruzuku huumiza zaidi miji maskini, ambayo tayari haina fedha za mafunzo. Ningependelea idara ipewe muda wa kujirekebisha pamoja na msaada wa kitaalamu. Ikishindwa, doria za mji huo zihamie kwa sherifu, yaani mkuu wa polisi wa kaunti, na sheria iseme wazi nani analipa.