Barua kwa mwanangu: langoni mwa Liemba

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka hapa Kigoma. Sisi hatujambo, goti la mama yako limepata nafuu, na mvua zimeanza, kwa hiyo barabara ya huku kwetu Mwanga iko kama unavyoijua. Ama baada ya salamu, nimepata ujumbe wako wa Jumapili. Naandika kwa mkono, mdogo wako ataipiga picha karatasi akutumie.

Uliniuliza: "Baba, katika kazi zako zote, ipi uliifurahia kuliko zote, na kwa nini?" Swali fupi, lakini nilijua papo hapo kuwa lina mwenzake nyuma, lile la ofisi ya Dodoma inayotaka uache kufundisha ukakae mezani. Hilo la pili hukuliuliza, nami nitajitahidi nisilijibu.

La kwanza hata dada yako angekujibia. Ni Liemba, meli yetu ya Ziwa Tanganyika. Uvinza nilifunga chumvi kwenye magunia hadi viganja vikapasuka, na nikikumbuka Uvinza nakumbuka ujana na marafiki. Kazi yenyewe siikumbuki kwa raha. Ghala la samaki liliwasomesha. Duka la nyavu linatulisha hadi leo, na nalishukuru. Lakini nikitaja kazi bila kusema ipi, mama yako anajua nasema meli.

Sasa kwa nini? Hapo ndipo nilipokwama siku tatu. Nimeona siwezi kukuambia nilichokifurahia bila kukuambia kinachoniuma kukikosa, na hayo mawili hayakai sehemu moja.

Unajua nilivyowaambia tangu mkiwa wadogo: kazi tamu ni ile ambayo upande wa pili yupo mtu anayekungoja. Dada yako hucheka nikisema, lakini sijaona la kulibadilisha.

Wewe ulizaliwa wakati nipo humo na hukuwahi kusafiri nayo ukiwa na akili ya kukumbuka, kwa hiyo nikueleze. Tulikuwa tukiondoka Kigoma Jumatano jioni na kufika Mpulungu, Zambia, Ijumaa asubuhi. Katikati hapo ni Lagosa, Ikola, Karema, Kirando, Kipili, Wampembe, Kasanga. Ukiacha Kasanga, vijiji vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama majini, nahodha anapiga honi, taa zote zinawashwa, na kutoka gizani unasikia kwanza sauti, halafu makasia, halafu injini ndogo, halafu mitumbwi na maboti yametuzunguka pande zote. Mimi nilikaa kwenye lango la ubavuni, karibu kabisa na maji, na kitabu cha tiketi, penseli na tochi. Pale palipitia kila kitu: magunia ya dagaa, madumu ya mawese, mananasi, mabati, magodoro, mbuzi, wazee wa kushikwa kwapani. Kwa watoto wachanga tulikuwa na utaratibu wetu. Mtoto hupokelewa kwanza, mama baadaye, na aliyempokea mtoto haruhusiwi kumweka chini mpaka mama amesimama ndani ya meli.

Watu wakiliita jina langu? Hapana. Walisema "Karani!" Karani, huyu ni mgonjwa. Karani, pesa hizi mpe kaka yangu Kipili. Karani, mwambie baba msiba umeshapita asije. Hakuna aliyeniandikia kazi hiyo ya kubeba salamu na pesa za watu, lakini ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Hapakuwa na barabara ya maana katika sehemu kubwa ya mwambao ule. Ikipita meli, dunia imepita.

Wazee wa chumba cha mashine walipenda kutuhadithia habari za meli yenyewe, nami niliwahadithia abiria. Kwamba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye maboksi kama 5,000 hivi, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa Kigoma, ikaunganishwa upya. Kwamba mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani wenyewe waliizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi isije ikashikwa na adui, na kabla ya kuizamisha mafundi wakazipaka mashine grisi nzito. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Abiria walipenda habari ya maboksi. Mimi nilipenda grisi. Mtu ameamriwa kuiua kazi ya mikono yake, bado anaitunza kwa ajili ya asiyemjua, miaka hajui mingapi mbele. Huyo naye alikuwa na mtu anayemngoja, ingawa hakumwona.

Nikuambie sasa habari ya cherehani. Mama yako anasema unaijua; nadhani unajua nusu.

Kulikuwa na kijana mvuvi hapa Kigoma, mtu wa Wampembe, alimnunulia mama yake cherehani ya miguu. Ikaletwa bandarini imefungwa magunia, meza yake ya chuma na kichwa chake mbali, na barua: karani, mkabidhi mwenyewe, usimpe mtu mwingine. Ilikuwa Julai, na Julai unajua ziwa lilivyo upepo wa kusi ukivuma. Tulipofika Wampembe usiku wa Alhamisi mawimbi yalikuwa yakipanda hadi kwenye miguu yangu pale langoni. Maboti machache tu yalithubutu kuja. Katika mojawapo alikuwemo mama mwenyewe, kajifunga khanga kifuani, amelowa mpaka nywele. Aliletwa karibu mara mbili, mara mbili wimbi likamtupa nyuma. Tulikwisha kuitoa ile cherehani kwenye tumbo la meli, ipo mbele yangu, na hapakuwa na namna ya kuishusha bila kumzamisha yeye na waliomleta. Nahodha akaamuru tuondoke. Alikuwa na haki. Yule mama akapiga kelele: "Karani! Mzigo wangu!" Akapiga tena. Meli ikageuka, nikaisikia ile sauti mpaka injini ilipoimeza.

Kutoka hapo hadi Mpulungu sikulala vizuri. Kila aliyepita karibu na ile cherehani niliona anaitamani. Nikaisogeza kwenye chumba cha tiketi.

Usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi, tukirudi, upepo ulikuwa umetulia, ingawa si sana. Honi ikapigwa Wampembe, na boti la kwanza kufika lilikuwa lake. Mwendesha winchi wetu alikuwa mtu asiyesema, lakini mikono yake ilikuwa na akili. Kushusha kitu kizito kwenye boti si kukishusha tu, mwanangu. Ukikiachia wakati boti linashuka, linakimbia chini yake, halafu linarudi juu na wimbi na kukipiga. Unasubiri. Boti linapanda, linashuka, linapanda, na pale juu kabisa linapotulia, nusu pumzi tu, unakiweka. Nilinyoosha mkono, nikahesabu mawimbi kwa sauti, nikaushusha mkono, na meza ya chuma ikakaa katikati ya boti bila mlio. Kichwa cha cherehani nilikibeba mwenyewe kifuani, nikamkabidhi mkononi kama barua ilivyosema.

Hakuniambia asante. Alikikumbatia, akageuka kuwafokea wapiga makasia wasimamie mizani. Nimeshukuriwa mara nyingi maishani na nimesahau karibu zote. Hiyo sijaisahau.

Na haikuishia hapo. Miezi ikapita, safari moja tumesimama Wampembe mchana kwa sababu tulichelewa, nikaona kwenye maboti watoto wa shule wamevaa sketi na kaptula za kitambaa kimoja, mshono mmoja. Mama yule akanipungia kutoka kwenye boti lake, akapaza sauti kila mtu asikie: "Hiyo mashine yako hiyo, karani!" Yako, alisema. Lile gauni lenye maua ya njano mlilogombania wewe na dada yako mpaka mikono ikachanika, lilitoka kwake. Sikuwahi kuwaambia kwa sababu mama yako alikwisha kulitengeneza na ugomvi ulikuwa umekwisha.

Sasa niseme kwa nini niliondoka. Shangazi zako hupenda kusema mama yako ndiye aliyenitoa melini. Si kweli, na ukikutana nao uliweke sawa. Mama yako hakutamka neno. Dada yako alifaulu kwenda sekondari, mnunuzi mmoja wa samaki akanitafuta nimshikie ghala kwa mshahara karibu mara mbili, nikapiga hesabu nikakubali. Hesabu ilikuwa sahihi wakati ule na ni sahihi leo. Nyinyi wote mmesoma. Na kwa nini nisiseme hili pia: nyumbani nako kulikuwa na watu wanaoningoja. Mimi ninayesema kazi ni kungojwa, mke wangu alikuwa akingoja Jumapili ya meli, na wewe ulizaliwa nikiwa kati ya Kirando na Kipili. Nilikukuta una siku tatu na tayari una jina. Kwa kipimo changu mwenyewe, nyumba hii ilistahili kushinda, na ilishinda.

Hapo nilipaswa kutulia. Lakini ikaja 1997. Wakongo waliokuwa wamekimbilia huku wakati wa vita walianza kurudishwa kwao baada ya rais wao Mobutu kuanguka. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ikazikodi Liemba na meli mwenzake Mwongozo kuwavusha hadi Uvira. Miezi mitano. Watu zaidi ya 75,000 kwa meli hizo mbili, Liemba peke yake safari 22. Mimi nipo ghalani, naandika kilo za dagaa, honi inalia, nayajua yote yanayotokea langoni kana kwamba nayaona. Nilimuuliza kijana aliyeshika nafasi yangu jinsi wanavyowapokea watoto wachanga. Akaniambia, "Tunapokea tu, mzee, watu ni wengi." Nikamweleza utaratibu. Sijui kama aliufuata. Bado linanikereketa.

Na 2015, hili hulijui, ulikuwa chuoni. Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walikuwa wamejaa Kagunga, kijiji kile kilichobanwa kati ya milima na ziwa, na Liemba ikawa inawaleta Kigoma, mia sita hivi kwa safari. Mama yako akipeleka uji uwanja wa Lake Tanganyika, mimi nikateremka bandarini. Mlinzi wa getini ananifahamu, akaniacha. Meli ikafunga, watu wakaanza kushuka, wengine hawawezi hata kusimama, na mwanamke mmoja ana mtoto mgongoni, mwingine mkononi na furushi kichwani. Sikuombwa na mtu. Nikampokea yule wa mkononi, nikasimama naye mpaka mama yake alipotua furushi. Kisha mwingine, kisha mwingine. Askari akanijia akauliza, "Wewe mzee ni nani hapa?" Nikamjibu, "Karani." Lilitoka lenyewe. Akaniangalia, akasema haya, endelea.

Nilirudi nyumbani jioni nimelowa jasho, mama yako akasema sijawahi kuonekana vile tangu tuhamie Mwanga. Hakusema vile ni vipi.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu langu. Naona unaweza kulisoma ukasema baba ananiambia nibaki na wanafunzi wangu Mpanda. Sijasema hivyo. Ofisini nako wapo wanaongoja: mwalimu mwenzako anayefuatilia uhamisho wake, mjane anayefuatilia mafao, na faili likikaa mezani kwa mtu mwema si sawa na likikaa kwa mwingine. Wewe ni mtu mwema, ungelifungua. Na mshahara ni mshahara. Mimi wa kumzuia mtu asifuate mshahara sipo, ada yako yenyewe ilitoka ghalani. Ila ofisini huwaoni usoni, na mimi namjua binti yangu; niliona ulivyokuwa likizo iliyopita wale wanafunzi wako wanne walipopiga simu kukuuliza swali la fizikia saa nne usiku, ukatoka nje na daftari ukasahau chakula. Nasema tu nilichokiona.

Hapa nilikuwa nimeandika aya nzima. Mama yako ameisoma, ameikata kwa kalamu yake nyekundu, anasema mtoto hakuuliza hilo. Ni kweli hukuuliza. Jibu lipo, nimelikunja ndani ya kitabu cha duka. Ukiuliza Jumapili nitakusomea, mama yako akiwa kanisani.

Dagaa nimekufungia kilo tano, watakuja na basi la Ijumaa. Dereva ni yule yule. Mngoje stendi mwenyewe, usimtume mtu.

Ni mimi baba yako